Kinanda Kimya cha Papa Anaclet

Mama Zaina anauza simu, taa za jua, nyaya na spika karibu na soko kuu la Kindu, na kwa mtu wa biashara ni mwaminifu kupita kiasi. Nilipomwonyesha kinanda kilichokuwa ndani ya boksi juu ya rafu yake, hakukishusha. Kwanza alinitazama kwa huruma, jinsi wauzaji wanavyotutazama sisi walimu. "Madame, nikuambie ukweli, Mungu ananiona," alisema. "Ile piano haiko na sauti. Unapiga, unapiga, haisemi kitu. Muntu mumoja alinunua, kesho yake akanirudishia na makelele." Nikamwambia, "Njo ile natafuta, mama," yaani ndiyo hiyo hasa. Akamgeukia mzee niliyekuja naye, aliyekuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki na fimbo yake katikati ya magoti. "Papa, umusikie mutoto wako! Anatafuta piano bubu." Na Papa Anaclet, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu arudi Kindu, alicheka mpaka fimbo ikaanguka.

Huyu mzee ndiye aliyenifundisha muziki, mwaka ule wa vita ambapo mji wetu ulifungwa kila upande. Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Wanafunzi wangu watakuambia kwamba neno "si mbaya" likitoka kinywani mwangu ni sikukuu. Tena wahenga walituonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini Papa Anaclet nimemsifu miaka yote bila hofu, na tembo lake halijapata hata tone la maji. Ni mtu wa Kasai, aliyeletwa Kindu na kazi ya reli, na baada ya vita alihamia Lubumbashi na mkewe, Mama Julienne. Kiangazi hiki walirudi. Niliposikia, nilichukua kuku mmoja nikaenda kuwasalimu. Nilimkuta ameketi karibu na dirisha, mkono wake wa kushoto umelala juu ya paja, na kila alipotaka kugeuka aliubeba kwa mkono wa kulia akauweka upande mwingine kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Kiharusi kilimpiga huko Lubumbashi. Tulikula wali wa Kibombo, samaki na sombe ya majani ya muhogo, tukakumbushana habari za watu wa zamani, kisha nikamuuliza juu ya nyimbo zake, zile alizozitungia kwaya yetu mwaka wa vita. Karatasi zilipotea katika kuhama. Sisi waimbaji tuliobaki tunakumbuka maneno, tunakumbuka sauti mbili kati ya nne, tena kila mmoja kwa namna yake, na sehemu ya kinanda haijulikani na mtu yeyote duniani ila yeye. Aliweka kijiko chini. "Ile nyimbo ilikuwa mu mikono mbili, Léonie. Moja imelala. Basi nyimbo nayo imelala. Uachane nayo, mutoto wangu." Wakati wa kuondoka, Mama Julienne alinisindikiza mpaka njiani, akanishika kiwiko. "Tangu mukono ilale, hata ku misa haimbe," aliniambia. "Daktari anasema moyo iko muzuri, damu iko muzuri. Miye najua. Mukono haiko njo inamuua. Ni ile kunyamaza."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, na kwa siku kadhaa sikufikiria kitu kingine ila sebule yao ya mwaka ule. Ilikuwa katika moja ya nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli, yenye madirisha yaliyozibwa kwa mbao kwa sababu ya risasi zilizopotea njia. Treni hazikutembea. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya vyuma, na huko Mama Julienne alichuma mboga ya lengalenga, kwani mashamba yalikuwa ng'ambo ya hofu, hakuna aliyethubutu kwenda mbali. Hata hivyo Papa Anaclet alivaa kofia yake ya reli kila asubuhi, akaenda kituoni, akakaa, akarudi. Nikimuuliza anafanya nini huko bila treni na bila mshahara, anajibu, "Nachunga reli isitoroke." Askari walikuwa wamechukua ukumbi wa parokia, kwa hiyo kwaya ilifanya mazoezi sebuleni kwake, mchana, ili kila mtu awe kwao kabla ya jua kushuka. Wanaume wa sauti nzito ya basi walisimama mlangoni na nusu yao uani. Sisi wa alto tulikaa juu ya kitanda kilichovutwa kutoka chumbani. Kinanda chenyewe, cheusi, kizee, kilichoachwa na padri mmoja aliyeondoka kabla ya vita, kilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, kimefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa na mama wa nyumba. Nyuma ya pazia kulikuwa jikoni, na harufu ya mafuta ya mawese ilituingia puani katikati ya Kyrie, hata mtu mwenye njaa akaimba "utuhurumie" kwa moyo wake wote.

Umeme haukuwepo. Kinanda kilikula mawe sita makubwa, yale ya tochi na redio, na mwaka ule jiwe la redio lilikuwa na thamani kuliko redio yenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi ikawa desturi yetu kwamba kila Jumamosi watu wa kwaya wanatoa mawe katika redio za nyumbani kwao na kuyaleta kwa Papa Anaclet. Kila jiwe lilifungwa uzi wa rangi ya mwenyewe. Yaliwekwa juu ya bati la kibanda cha kuku, yaote jua siku nzima, yapate nguvu. Jumapili yalipiga misa, na baada ya misa kila jiwe lilirudi kwao kusikiliza habari. Hata jirani yao Mzee Ramazani, ambaye hajawahi kuingia kanisani na hakuwa na nia hiyo, alitoa mawe yake mawili yenye uzi wa kijani. "Lakini munirudishie mbele ya habari ya magaribi," alisema. "Mungu wenu asimalize mawe yote." Mimi nilikuwa nikikaa uani nikiyageuza mawe kama mtu anayegeuza ndizi juu ya makaa. Siku moja, kwa kupitia pazia, nilimsikia Mama Julienne akisema, "Anaclet, redio yetu haiko na mawe, hatujue hata vita iko wapi, na weye unamupelekea Mungu muziki." Akajibu kwa sauti ileile ya kituoni, "Vita tutaisikia bila redio, mama."

Kwa kuwa mawe yalikuwa ya Jumapili tu, siku nyingine zote kinanda kilikuwa kimekufa. Na hapa ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Alikaa mbele ya kinanda kisicho na pumzi, akarekebisha kofia, akapiga. Alipiga kwa mikono yote miwili, kwa nguvu pale penye nguvu, taratibu pale penye upole, na kilichosikika kilikuwa ni vile vitufe tu, tik, tik, na mguu wake sakafuni. Sisi tuliimba tukitazama vidole vyake. Mwanzoni tulicheka. Mwimbaji mmoja wa basi alisema kwamba Maestro, ndivyo tulivyomwita, anamwekea Mungu akiba ya umeme. Lakini baada ya wiki chache jambo likageuka. Tulianza kusikia. Sijui niseme vipi bila kuonekana natia chumvi: mkono wake wa kushoto ukishuka, tulisikia chini panashuka, na aliyekosea alijua amekosea. Alikuwa anasimama ghafla, anatugeukia sisi wa alto: "Munapanda juu ya piano!" Kinanda ambacho hakikutoa sauti yoyote, na kweli tulikuwa tumekipanda. Aliponiona natazama vidole kuliko maneno, alinisogezea kiti. Alinifundisha mkono wa kulia kwanza, kwenye vitufe hivyo vikimya. Alisema kinanda chenye sauti kinamdanganya mwanafunzi, kwa sababu sauti ikiwa tamu anasahau kusikiliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikadhani ni maneno ya kujifariji. Leo nafundisha watoto, na nawaambia vilevile.

Nyimbo zake zote alizitunga hivyo, mchana, bila kusikia hata noti moja, huku Mama Julienne akipepeta mchele upande wa pili wa pazia, siku zile ambapo mchele ulipatikana. Jumapili ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kile alichokitengeneza, pamoja na watu wote. Nilikuwa namtazama usoni dakika ile. Hakuonyesha mshangao. Alionekana kama mtu anayefungua mlango na kumkuta mgeni aliyemtegemea. Nilimpenda kwa hilo, na bado nampenda.

Kilichotutesa zaidi mwaka ule kilikuwa chumvi. Sombe bila chumvi, maharage bila chumvi, bugali na samaki mkavu bila chumvi, mpaka mtu anaiota usingizini. Chumvi ilikuja kwa ndege, na iliishia mikononi mwa wachache. Siku moja alifika mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na ndugu kwenye kiwanja cha ndege, akatazama kinanda, akasema atatoa nusu gunia la chumvi. Nusu gunia! Mtaa mzima ungekula. Waimbaji walikuwa wanahesabu vijiko moyoni, na mimi nilikuwa mmoja wao. Papa Anaclet hakusema ndiyo wala hapana. Alivua kofia, akaita kuelekea jikoni, "Mama Julienne, hii neno ni yako. Weye njo unapika." Mama Julienne akatoka na mikono yenye unga, akamtazama mgeni, akakitazama kinanda, akatutazama sisi tulivyokaa juu ya kitanda chake tumebanana. "Chumvi itaisha," alisema. "Tutakula, itaisha, na hawa watoto watakuja hapa kufanya nini?" Akarudi jikoni. Mfanyabiashara aliondoka akitikisa kichwa. Tulifanya mazoezi kama kawaida, kisha Mama Julienne akatuletea maharage, yasiyo na chumvi, kila mtu vijiko viwili, na hakuna aliyebakiza.

Halafu ikaja ile Jumapili. Risasi zilikuwa zimelia tangu alfajiri upande wa nje ya mji, na walioweza kufika kanisani walifika kwa kuambaa kuta. Mbingu ilikuwa imefunga wiki nzima, mawe hayakupata jua. Katikati ya wimbo wa matoleo, wimbo wake mwenyewe, sauti ya kinanda ikaanza kukonda, ikawa kama ya mbu, ikakatika. Nje kukasikika mlio mkubwa, na watu waliokuwa nyuma wakainuka kwenye mabenchi. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake kumfunulia karatasi. Nilimwona vizuri. Hakuinua hata kichwa. Aliendelea kupiga kinanda kilichokufa kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu ileile, na kwaya, ambayo ilikuwa imezoea kimya hicho kuliko sauti, ikaendelea pamoja naye, sauti zote nne, bila kuyumba. Watu wa nyuma walikaa tena, mmojammoja. Tulimaliza wimbo, tukaimba hata ubeti ambao hatukuwa tumepanga. Nje, baada ya misa, bibi mmoja alimshika Papa Anaclet mikono yote miwili akamwambia, "Leo, baba, piano imelia muzuri kupita siku zote." Hakuna aliyemsahihisha. Mimi nilikwenda nyumbani siku hiyo nikijua nitakuwa mtu wa muziki hata kama sitapata kinanda maishani.

Sasa basi, kinanda cha Mama Zaina. Si kibovu, ni aina yake. Watu wa muziki wa kompyuta wanakiita kibodi cha MIDI. Hakina sauti ndani yake. Unapobonyeza kitufe, kinaipelekea kompyuta habari ya kidole chako tu: umegusa wapi, kwa nguvu gani, umekaa muda gani. Kompyuta ndiyo inayotoa sauti, na ndiyo inayotunza. Unaweza kupiga sehemu moja leo, ukairudisha, ukapiga sehemu ya pili juu yake, zikasikika pamoja kama zimepigwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Nilipomweleza Papa Anaclet jambo hilo, aliuliza, "Mukono ya kulia inaweza kupiga kazi ya kushoto? Kisha ya kulia tena?" Nikamwambia ndiyo. "Na muntu hatasikia kama ni mukono moja?" Hatasikia. "Basi tuende kuangalia," alisema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kuhakikisha kwamba amedanganywa.

Mama Zaina alikuwa na vya aina tatu. Cha kwanza kilikuwa kidogo, rahisi kuliko vyote, vitufe vyake vifupi kama meno ya mtoto, na mimi, kwa mfuko wa mwalimu, nilikuwa tayari kukichukua. Cha tatu kilikuwa kikubwa, kimejaa taa na vitufe vya mpira vya kugonga kama ngoma, na bei yake ilikuwa ya watu wa migodi kule Kama. Cha pili kilikuwa cha katikati: vitufe vya upana wa kawaida, oktava nne, bila taa, kinakula umeme kidogo kwa waya uleule wa kompyuta, na betri yangu ya jua inaweza kukibeba. Nilipomweleza naye, Mama Zaina akataka kuwasha kompyuta yake ili mzee asikie. "Hapana, mama. Uache ikiwa imekufa," alisema Papa Anaclet, na hapo akainama juu ya vitufe na mkono wake wa kulia. Kile kidogo alikiacha upesi: vidole vyake vilikosa nafasi ya kupishana. Kikubwa alikipapasa, akatikisa kichwa, "Hii ni ya muntu mwenye haraka." Kwenye cha katikati alikaa. Alibonyeza kila kitufe taratibu mpaka chini, akakiachia, akasikiliza kinavyorudi. Kimoja kilichelewa. Mama Zaina akafungua boksi lingine bila kuombwa, akasimama kando yake na kitenge kimefungwa upya, kimya, kama mtu aliye kanisani kwa bahati mbaya. Kwenye kile cha boksi jipya vyote vilirudi sawa. "Hii inasikia muntu," alisema mzee. Mama Zaina alinipunguzia bei, na akatuongezea waya. "Siuzie piano bubu kwa bei ya piano yenye kusema," alisema. "Mungu ananiona."

Tulipofika kwao, Mama Julienne alikuwa amekwisha kujiandaa. Juu ya ukuta wa uani, mbele ya jua, alikuwa amepanga mawe sita ya tochi, mapya, aliyoyanunua mwenyewe, na alikuwa ameketi kando akiyageuza. Papa Anaclet alimweleza polepole kwamba piano za siku hizi hazina mahali pa mawe. Mkewe aliyatazama mawe yake, akacheka kwa sauti kubwa. "Basi yatasikiliza habari," alisema, akayakusanya ndani ya kitenge. Niliweka kompyuta yangu juu ya meza, nikaunganisha waya, nikamfungulia programu ya bure ninayoitumia shuleni, nikapunguza mwendo ili asikimbizwe. Alichagua ule wimbo wa matoleo. Alipiga sehemu ya mkono wa kulia mara moja, hakukosea. Kisha nikashusha sauti oktava mbili, na kwa mkono uleule wa kulia akapiga kazi ya mkono wa kushoto, jasho likimtoka, akisimama, akirudia, akijigombeza kwa Tshiluba, lugha ya kwao Kasai. Mama Julienne alikuwa jikoni. Jua lilikuwa bado juu.

Nilipoirudisha yote kwa mwendo wake wa kweli, kupitia spika ndogo, mikono miwili ilitoka pamoja. Mama Julienne alikuja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Sikuweza kumtazama mzee. Nilitazama skrini mpaka wimbo ukaisha, na bado nililia. "Ile ya chini," aliuliza mzee, "njo miye?" Nikamwambia, "Njo weye, Papa." Alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha akasema, "Weka ingine." Nilianza kumtajia nyimbo za mwaka wa vita, ule wa Pasaka, ule wa wafu, naye akakataa kila mmoja kwa kidole. "Hauijue ile. Hakuna muntu anaijua. Niliitunga Lubumbashi, mu kitanda ya hospitali, mukono ikiwa tayari imelala. Iko na mikono mbili. Nilikuwa naipiga mu kichwa tu." Mama Julienne aliketi juu ya benchi na mwiko wake, unga ukimwangukia miguuni. "Anaclet," alisema, "siku zote zile, haukuniambia?" Alimgeukia mkewe. "Ningekuambia na nini, mama?" Akaniashiria nibonyeze, akaweka mkono wa kulia upande wa chini wa kinanda. "Tuanze na mukono ya kushoto," alisema.